Ratiba ya Wageni Kumi na Mmoja

Mwalimu Shemdoe kanipa daftari na kalamu nyekundu:
"Wewe umefika Busan. Tupangie."
Kana kwamba siku kumi na mbili za kutembezwa
zimenifanya mwenyeji wa mji wowote.

Nimeifukua ratiba ya kule, bado imo ndani ya nailoni,
doa la mchuzi wa pilipili pembeni mwa Jumatano.
Saa tatu: kuvaa nguo za kale, kupiga picha.
Saa tano: kufinyanga kikombe.
(Changu kilipasuka tanuruni. Walinitumia vigae kwa posta,
vimeviringishwa pamba kama mayai.)
Saa tisa: nyumba ya mvuke,
ambamo watu wazima, fulana za rangi moja,
hujilaza juu ya sakafu ya moto kama vitumbua,
na hakuna anayemuuliza mwenziwe ni mtoto wa nani.

Eunji ndiye aliyetuongoza, kibendera mkononi.
Siku ya nne, juu ya kilima cha nyumba za rangi rangi,
alininong'oneza: "Hata mimi ndiyo mara ya kwanza."
Kazaliwa vituo vitatu vya treni kutoka pale.
Nikacheka. Niseme kweli: nilimcheka.

Leo nimeketi barazani, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
naandika: Saa tatu, Mapango ya Amboni.
Kalamu ikasita.
Miaka ishirini na mmoja, mwendo wa baiskeli usiotimia saa,
na popo wa Amboni nawajua kwa kusimuliwa.
Kicheko changu cha kilimani kilipanda treni, kikapanda ndege,
kikaja kubisha hodi kwetu.
Mji wetu wanauita Waja Leo.
Hakuna aliyesema sisi wenyewe tutakuja lini.

Shangazi Mwanahawa, ungo mapajani, hakuinua kichwa:
"Waandikie wapumzike."
"Wapumzike wapi, Shangazi?"
"Kwani wewe ukichoka huenda wapi?"

Sikumsikiliza. Nikaandika magofu ya Tongoni,
kusuka ukili, kuchuma machungwa Muheza,
mpira Mkwakwani, ngoma usiku.
Kila saa nikaishindilia
kama begi la mtu anayeogopa kusahau mswaki.

Wakaja, na Eunji akiwamo.
Siku ya pili, saa tatu kasorobo,
basi la chuo likakohoa, likafa
mbele ya kibanda cha Kiluwa, fundi baiskeli.
Mwalimu Shemdoe akahangaika na simu, shati limemganda.
Mimi na daftari langu, saa nne ikapita juu yetu,
saa nne na nusu.

Dohyun akachuchumaa. Kiluwa hakuuliza jina wala nchi,
akamsukumia spana namba kumi na tano.
Mpira wakauzamisha kwenye karai,
wageni sita wakainamia maji kama wanaochungulia kisima,
na povu lilipochomoza, kelele iliyotoka
haikuhitaji mkalimani.

Eunji hajui baiskeli. Kwao vilima tupu,
nani akufundishe kuanguka kwenye mteremko?
Mtaa wetu ni bapa kama chapati.
Akapandishwa Foniksi ya Kiluwa,
watoto nyuma yake: "Kanyaga! Usitazame chini, kanyaga!"
Mshona nguo akasimamisha cherehani.
Akaanguka mara tatu. Ya nne akafika mpaka msikitini,
akakata kona, akapotea,
tukatazamana.
Akarudi na upande wa pili wa mtaa, gotini damu,
mdomoni chungwa alilopewa na mtu asiyemjua.

Kwenye karatasi ya tathmini, pale palipoandikwa
"Shughuli uliyoipenda zaidi",
tisa kati ya kumi na mmoja walichora gurudumu.
Mwalimu akaniuliza: "Hii uliipanga wewe?"
Nikakohoa kama basi.

Amboni hatukufika.
Eunji karudi kwao na kovu jipya.
Mimi nimebaki na vigae vya kikombe rafuni,
na baiskeli ya kuazima
hadi Jumapili.