Povu

Lali alileta pikapu na barafu mgongoni,
mabonge arubaini chini ya magunia ya maranda.
Alitaka valvu ya kujazia gesi ifungwe kabla ya adhuhuri:
Gongoni kuna harusi.

Fundi Umazi hakumjibu.
Sikio lake la kushoto halisikii,
la kulia hulitumia akipenda.

Akafunga koki ya mtungi, akalegeza nati ya bomba,
gesi iliyobaki ikatoka ssss
kama mtu aliyekumbuka deni.
Mimi nasikia, yeye ananisoma uso.
"Imekwisha?"
"Bado."
"Imekwisha?"
"Sasa ndiyo."
Hiyo ndiyo karo yangu katika gereji ya Maweni:
namwazima sikio, ananifundisha mkono.

Valvu ya zamani ilikuwa imeliwa.
Malindi chuma hakizeeki, huliwa na chumvi kingali kijana.
Mpya ilitoka Dar ndani ya soksi ya mtoto,
mshale umechorwa ubavuni:
kuingia ni huku, kutoka hakuna.
"Mdomo kama huu," akasema Umazi, "ningempa dada yangu."

Spana mbili, moja ishike, moja izungushe.
Nati kwanza kwa vidole,
ndipo chuma kwa chuma.

To. To. To.
Lali akatazama saa, akatazama sakafu,
akanitazama mimi kana kwamba jua nimelianika mimi.
Umazi akakinga yale maji kwa kopo la rangi,
akatia sabuni ya unga, akavuruga,
akapaka maungio kwa brashi ya kunyolea ya marehemu mumewe.
Nikafungua koki.

Povu moja.
Punje ya mtama. Likavimba, likapasuka, likaja lingine.
Sikusikia kitu.
"Si sabuni tu hiyo," Lali akasema,
nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Umazi akafunga, akafungua.
Pete ya mpira ilikuwa imejikunja ukingoni
upana wa ukucha wa kichanga.
Aliyeiweka ni mimi.
Hakusema. Alifundua pindo la leso, akatoa nyingine,
akanipa niitie mwenyewe.

Mara ya pili sabuni ilikaa juu ya chuma ikakauka,
nyeupe, bila neno.

Siku hizi nikikuta kimya nakipaka sabuni kwanza.

Lali aliondoka na mabonge ishirini na tisa
na kifuniko cha vumbi akakisahau juu ya tairi bovu.
Nikamkimbilia nacho mpaka kwenye lami,
nikipiga kelele, viatu vimelowa barafu yake.