Kichaka cha Ng'ambo

Kilikuja ndani ya kopo la Kimbo
lililofungwa kwa leso yenye kutu,
magotini mwa Mwalimu Makame,
siku mbili na nusu za reli, daraja la tatu.
Alipofika Tabora hakuuliza nyumba.
Aliuliza maji.

Akapanga kwetu, mtaa wa Ng'ambo.
Baba akacheka: mmea wa ng'ambo, mtaa wa Ng'ambo,
basi umefika kwao.
Mwalimu hakucheka. Kisiwani, alisema,
vimebaki kumi na kimoja,
juu ya jabali ambalo mbuzi wamejifunza kulipanda.
Vimebaki: alilitamka neno hilo
kama mtu anayehesabu chenji.

Sisi ni watu wa nyuki.
Asali ya mtundu tunaijua kwa rangi, ya myombo kwa harufu,
lakini ua hili lilipochanua, jembamba, refu la koo,
jeupe kama maziwa yaliyoanza kuganda,
nyuki wa baba walilipita
kama abiria wanavyopita stesheni isiyo yao.
Lilikuwa linasubiri mdomo
wa ndege ambaye Tabora haijawahi kumwona.

Mchana Mwalimu alifundisha vijana
kurina bila kuchoma mzinga.
Usiku aliinama kichakani na unyoya wa kanga,
ua kwa ua, ameziba pumzi.
Kichaka kilikataa.
Hakijipokei chenyewe, alisema, kinataka mwenzake.
Alisema hivyo miaka kumi na tisa,
na wa ishirini tukamzika,
tukagawana alivyoacha:
redio kwa kaka yangu Lugusha,
vitabu kwa chuo,
kwangu unyoya.

Mimi si mtaalamu. Nauza nta.
Nilikimwagia maji niliyooshea mchele
nilipokumbuka, na nisipokumbuka
kilinikumbusha kwa kupukutisha majani.
Mwaka ule wa ukame, ndoo ilipofika shilingi mia saba,
nilikaribia kukiacha.
Hilo silifichi.

Februari simu ikaita.
Sauti ya kijana, lafudhi ya visiwani:
Mama Kalunde, huku vimebaki vinne.
Cha kwenu ndicho cha tano.
Natuma chavua.

Chavua ikapanda treni, mafuriko yakakata reli,
ikalala siku nne Kilosa
ndani ya kichupa cha dawa ya macho
kilichozungushiwa pamba, barafu na dua.
Barafu ikayeyuka. Pamba ikaota ukungu.
Dua sijui.
Karani wa vifurushi alikipima kiganjani:
"Mama, humu kuna nini? Hakina uzito."
Nikatia sahihi.

Usiku huo yalifunguka maua matatu.
Nikamwita Nyanzala wa jirani anishikie kurunzi,
maana mkono mmoja hauwezi tena
kutulia bila wa pili kuushika.
Vumbi la njano, kidogo kuliko chumvi ya yai moja.
Unyoya ukaingia kooni mwa ua.

"Likizaa, tunda lake linaliwa?"
Haliliwi.
"Ni dawa?"
Si dawa.
"Sasa la nini?"
Nikamwambia asogeze mwanga.

La kwanza lilikauka. La pili alilikwangua kuku,
kuku yule tukamla Jumapili bila huruma.
La tatu limevimba shingoni,
dogo kama punje ya choroko.
Nimelivisha kipande cha chandarua
kwa ajili ya kuzumburu, na mikono ya watu.

Nyanzala huja kabla ya shule, soksi moja juu, moja chini.
Haulizi tena.
Ananyanyua chandarua kwa ncha za vidole,
anahesabu kwa sauti,
moja,
anakimbia kengele.