Shimo la Chaki

Alilichimba kwa magoti, siku mbili,
yule mama Holroyd, ovaroli imejaa vumbi la rangi,
mbele ya duka la viatu lililofilisika, Sheffield katikati:
shimo la mraba, vidato vya mawe kumi na vitatu vikishuka,
na chini kabisa karabai, inawaka.

Ukija kwa upande wa benki hakuna kitu.
Kuna doa refu tu, ngazi imevutika
kama ulimi wa mbwa mwenye kiu,
taa imelala chali, imekuwa yai.
Sharti usimame pale alipochora nyayo mbili nyeupe.
Hapo ndipo ardhi inafunguka.

Watu walipanga foleni, Waingereza na foleni zao.
"Fumba jicho moja," aliwaambia.
"Macho mawili ni mashahidi wawili, watabishana."
Wakakunja nyuso, wakaziba kwa viganja,
mmoja aiskrimu ikamtiririkia hadi ndani ya mkono wa koti.

Zamu yangu ilipofika sikufumba chochote.
La kushoto lilibaki kiwandani, mwaka wa pili wa kuja huku,
kibanzi cha chuma, saa nne na robo usiku,
na mji huu wa visu ukanilipa fidia ya kununulia friji.

Basi nikaliona shimo.
Baridi yake ilinipanda kwenye ugoko.
Nikashika nguzo ya taa.
Kijana nyuma yangu akacheka, akarukia katikati,
akatua hewani, na hewa ikamshika.

Mama Holroyd hakucheka.
Alinitazama pale pasipo jicho,
kisha akauliza, kama fundi amuulizavyo fundi:
"Kidato cha tisa, kimepinda?"
Kimepinda, nikasema. Kidogo, kulia.
Akapiga magoti, akafuta kwa kidole gumba, akachora upya.
"Sasa?"
Bado.
"Sasa?"
Hapo.

Kwetu husema, ukipenda, chongo utaita kengeza.
Yeye hakuita kengeza.
Aliita chongo, akakitumia kama timazi.

Jumatatu alfajiri mpira wa maji uko mkononi mwangu,
maana mimi ndiye msafishaji wa baraza la mji,
na karatasi ya kazi haijui mama Holroyd ni nani.
Nilianzia juu, kidato cha kwanza, cha pili.
Buluu na kahawia zikakimbilia mfereji.
Cha tisa nilikichelewesha.
Karabai niliiacha mwisho.

Mawe yakabaki mawe, sawasawa kabisa.
Nikakunja mpira,
nikarudi kwenye gari kwa kuzunguka ukingo.