Stoo ya Chupa

Gatini Southampton, mvua ya Machi inanyunya,
nami nimekaa nyuma ya mashine, nawatazama watu kwa ndani.
Si nyuso. Nyuso nimewaachia wenye kamera.
Naona masanduku: soli za viatu, sindano za insulini,
Biblia, na chini ya Biblia karata,
na chupa. Jamani, chupa.

Sheria iko ukutani, herufi nene kama tangazo la msiba:
mtu mzima mmoja, divai chupa moja, begi la mkononi.
Pombe kali, hapana. Pasi ya nguo, hapana.
Na divai yako ukiinywea mezani petu
utatozwa ada ya kizibo,
yaani pauni kumi na tano
kufunguliwa kilicho chako.

Hawa si maskini.
Wamelipa maelfu waende kuiona barafu ya Norwe,
ila bei ya glasi ya jini kule sitaha ya juu
imewaingia kama mbu ndani ya chandarua.
Basi wanakuja na akili.
Mwalimu mstaafu ana ramu ndani ya darubini.
Mama mmoja kabeba mkate mzima wa ngano,
na tumboni mwa mkate mfuko wa wiski:
mkate una mimba, nami ndiye mkunga.
Bwana wa Swindon ameitia jini
kwenye chupa ya dawa ya kusukutulia,
akaikoroga na rangi ya keki, kijani safi,
asijue kwamba kwenye skrini yangu
kila kimiminika ni rangi ya chungwa.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mficha jini, ni mimi, Glenys, zamu ya asubuhi.

"Hii? Hii ni ya meno."
"Basi sukutua, bwana, nione."
Akasukutua. Akameza.
Foleni nzima ikampigia makofi,
na chupa ikaenda stoo.

Nyuma yake alisimama Bwana Tremlett,
koti la kahawia, kidevu kimenyolewa upande.
Chupa mbili. Ya kwanza ya dukani, pita.
Ya pili haina lebo, kizibo kimezibwa kwa nta ya mshumaa,
na kijikaratasi kwa penseli: *Forosadi. Septemba.*
Mwandiko wa mviringo, si wa mtu aliyenyoa vile.

"Chupa moja kwa kila mtu," nikasema.
"Tiketi zilikuwa mbili," akasema.
Nikaangalia nyuma yake.
Kulikuwa na mvua, na mchukuzi anasukuma toroli.

Ningeweza kuipitisha. Msimamizi alikuwa chooni.
Sikuipitisha.
Niliandika risiti: chumba 6114, chupa moja, bila lebo,
nikaisoma kwa sauti kama karani wa mahakama,
kwa sababu sikujua nisome nini kingine.

Stoo iko chini ya ngazi, karibu na injini.
Usiku chupa hugongana zenyewe,
karamu isiyo na mtu,
na mimi huwa najifanya sizisikii.

Siku ya kumi na nne tukarudi, wakajipanga
kama watoto wanaofuata mipira yao kwa jirani.
Mwalimu akachukua darubini, hakunitazama.
Mama wa mkate akachukua mfuko; mkate tulishautupa.
Tremlett alikuja wa mwisho.
Akaishika chupa kwa mikono miwili, akaiinua kwenye taa.
"Ilisafiri vizuri?"
"Ilianguka mara moja, karibu na Bergen. Haikuvunjika."
Akacheka, ndiyo mara ya kwanza.
"Hata yeye bahari ilikuwa haimpendi."
Akaitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote, akashuka.

Ikabaki moja kwenye rafu: ile ya kijani.
Bwana wa Swindon hakuja, sijui ni haya
au huko juu alizoea bei.
Sheria inasema imwagwe.
Nikaimwaga.
Beseni likanuka jini na mnanaa mpaka jioni,
na nje, chini ya miavuli,
foleni nyingine ilikwisha kupangwa,
kila mmoja amekumbatia begi lake
kwa uangalifu mno.