Fomu

Fomu ina siku ya sita ndani ya daftari la Bayolojia,
kati ya moyo wa chura na figo ya ng'ombe,
imekunjwa mara nne, imelainika kama noti
iliyozunguka soko zima la Kiboriloni.
Nafasi: Waziri wa Maji na Usafi.
Jina: Anansia E. Mmari. Kwa penseli.
Wadhamini kumi: watatu.
Mwisho Ijumaa, saa nane.

Haikaeli alipoiona penseli alicheka mpaka akakaa chini:
"Yaani wewe hata kugombea unagombea kwa kunong'ona."

Ni kweli. Januari mwalimu aliita majina,
nikaitika "nipo",
neno likaishia kwenye meno.
Akaandika sipo.
Nikabaki pale, dawati la pili kutoka dirishani,
mzima, sketi imepigwa pasi,
na siku nzima sikuwepo.

Mlima nao saa nne hujifunika, haonekani mtu wala theluji,
lakini hapa Moshi hakuna anayesema mlima una aibu.
Wanasema ni mawingu.

Mama akinadi mshare, muuza vitunguu wa ng'ambo ya barabara hugeuka.
Nadhani sauti aliitumia yote kabla sijazaliwa.
Baba ni fundi saa; kwa siku husema maneno kumi na mawili,
matatu kati ya hayo ni bei.
Jumapili ya kutembelewa nilimwonyesha fomu.
Akanivua saa yangu ya mkononi, akaiweka sikioni, akasikiliza.
"Saa inayopiga kelele," akasema, "meno yake yamelika."
Kisha akala ndizi.
Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa ndiyo.

Godlizen alishapanda jukwaani.
Ameahidi chipsi kila Jumamosi na runinga ya inchi hamsini.
Tulipiga makofi, hata mimi; ana meno mazuri, na si mtu mbaya.
Ila hajui kwamba bomba la nyuma ya bweni letu
huanza kukohoa saa kumi kasorobo alfajiri
na kukata kabla ya kengele.
Hajui wanaoamshwa gizani kuwajazia wakubwa ndoo.
Mimi nawajua, kwa majina na kwa kandambili zao:
Nasemba, Elifuraha, yule mdogo Theresia
mwenye ndoo ya njano iliyozibwa ufa kwa plastiki ya kuyeyusha.
Mtu kimya hupitwa na maneno.
Mambo hayampiti.

Basi si nitamwambia Godlizen? Nimwandikie karatasi,
nimpenyezee chini ya mlango, bomba, saa, majina,
asome yeye kwa ile sauti yake?
Niliiandika kweli. Ilikuwa nzuri.
Nikaichana, sijui kwa nini. Labda wivu.

Alhamisi usiku, Theresia kasimama kwenye kitanda changu.
"Dada, kidato cha kwanza tunaruhusiwa kusaini?"
Aliikandamiza kalamu mpaka jina likatokea upande wa pili.
Asubuhi walikuja wengine, mikono bado ina maji,
wino ukasambaa.
Nikahesabu: tisa.
Nikahesabu tena, kama vile anayehesabu chenji pungufu.
Tisa.

Saa nane kasoro dakika saba. Mlango wa ofisi, rangi ya maziwa,
kitasa kimechakaa kwa viganja vya watu wasioogopa.
Nyumbani tulifundishwa: hodi ni tatu,
usipojibiwa, rudi.
Nimeishi kwa sheria hiyo. Najua kupiga hodi
ambayo haiwezi kujibiwa.

Hodi ya kwanza ililiwa na mbao.
Ya pili labda nzi aliisikia.
Nikatazama fomu: majina tisa yenye madoa,
na juu yake langu la penseli, jina ambalo kifutio kingelimaliza.

Hodi!

Ndani kiti kikasogea. "Nani?"
Nilifungua kinywa nitaje jina.
Likatoka jibu la Januari:
"Nipo."