Chenji

Kwenye daftari la abiria niliandika: Bi. Kirwa, Nakuru.
Si uongo. Ni nusu ya kweli iliyovaa vizuri.
Kijana wa gatini akanifunga jaketi la rangi ya machungwa
lenye jasho la watu wa jana,
akauliza, "Mama, ushawahi kuingia baharini?"
Nikatikisa kichwa. Hata mimi sijui
kama nilikubali au nilikataa.

Boti ya faiba, injini mbili,
ubavuni imeandikwa HAMNIWEZI,
herufi ya mwisho imekwanguliwa na gati.
Tulikuwa tisa, bila nahodha: maharusi wa Bungoma,
mwalimu Cheptoo na wanafunzi watano walioshinda mtihani,
nami.

"Huu ndio mji wa kale, tizameni,"
akasema nahodha Shekuwe, nao wakatizama kwa simu.
Mimi nilikuwa natafuta dirisha.
Miaka kumi na minane nililala nyuma yake
na sikupata kuliona uso.
Nyumba ile niliijua kwa tumboni: ngazi,
birika la udhu, kinu chenye vumbi la bizari.
Kutoka majini ilikuwa nyumba ya mtu tu,
bomba lenye kutu, kamba ya nguo,
na mwanamke nisiyemjua akianika shuka la mtoto.
Akatupungia mkono, vile wenyeji hupungia wageni.
Nikampungia, vile wageni hupunga.

Chini ya daraja la Nyali wanafunzi walipiga kelele
wasikie sauti zao zikirudi.
Mmoja aliita jina la mamake.
Daraja likamrudishia nusu.

Tudor, mikoko, harufu ya tope na yai bovu,
kisha Makupa, pale palipojazwa mawe na udongo
hata kisiwa kikawa mbuzi aliyefungwa kambani.
Sasa pamezibuliwa. Maji yanapita chini ya nguzo
nasi tukapita na maji, tumeinamisha vichwa bila sababu.
"Leo ndiyo kisiwa," akasema Shekuwe.
Hapo juu nilipita mimi, ndani ya basi la usiku,
na sanduku moja, na mume wa siku tatu.
Nililala. Hakuna aliyeniamsha
kuniambia, aga, ni hapa.

Kilindini, meli zimesimama kama maghorofa yaliyokosa mtaa.
Bibi harusi akatapika, kwa adabu,
ndani ya mkoba wake mpya.
Bwana harusi akaushika ule mkoba mpaka mwisho wa safari,
wala hakuulizia pa kuutupa.
Nikasema moyoni, hawa watafika mbali.

Feri ya Likoni ikatukatia mbele, vichwa tupu.
Shekuwe akazima injini kuipisha.
Kimya, na jua la saa sita utosini.
Ndipo mdomo ukanitangulia:
"Nahodha, ndia ya kurudi ni ndefu?
Watoto wana ndaa."

Ndia. Ndaa.
Hayakuomba ruhusa. Yalitoka yakiwa na miaka tisa
na miguu peku.

Shekuwe akageuka, akavua miwani ya jua.
"Kumbe! Bi. Kirwa wa Nakuru,
wewe u mwana wa nani?"

Nikamtaja bibi yangu, Mwanatumu wa bizari.
"Yule alotufukuza na ufagio tukimwibia ukwaju!"
Akacheka sana, kisha akaacha kucheka.
"Tulimzika vuli ya mwaka juzi."
"Najua," nikasema. "Nilituma pesa."

Hakujibu. Akawasha injini.
Tukaupita mnara wa taa, tukaipita Ngome,
na pale kwenye lile dirisha akapunguza mwendo
mpaka mwalimu Cheptoo akauliza kama mafuta yamekwisha.
Shuka lilikuwa limeshakauka. Kamba ilikuwa tupu.

Gatini alifungua daftari, akasimama kwenye jina langu,
akalifunga bila kuandika kitu.
Akanitoza bei ya mwenyeji.
Mia tatu alizonirudishia ninazo mpaka leo,
zimekunjwa, zina chumvi.
Sijui ni chenji ya nini.