Pembe na Pembe

Mtoto wa Lensa, mkaza mwanangu, analia tangu Jumanne.
Zahanati ya Kondele wamempima masikio, tumbo, choo,
wakasema ni mzima wa afya.
Nyumbani wanasema analilia jina.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia.
Miaka thelathini na moja nimeandika ubaoni Kombewa,
vumbi la chaki likiniingia mikononi mwa shati:
Wagiriki wa kale waliziendea ndoto kama tunavyoendea daktari.
Mgonjwa alioga, akafunga, akachinja kondoo dume,
akailalia ngozi yake hekaluni
akingoja mungu amguse panapouma.
Nyoka walitambaa sakafuni, mbwa walilamba vidonda.
Darasa lilicheka.
Nilicheka nalo, nikakunja daftari, kengele ikalia.

Leo nina ngozi ya kondoo dume begani.
Nimeinunua Kibuye kwa kijana aliyeniuliza
kama ni ya kuwambia ngoma.
Nikasema ndiyo.

Kit Mikayi, jiwe la mke mkubwa, usiku.
Miamba imepandana kama vyungu visivyooshwa.
Nimewakuta wanawake wa kanzu nyeupe, siku ya tatu bila chakula,
wamejibanza kwenye nyufa, viatu wameviacha chini,
na Mama Yunia, mshika taa, akiimulika ngozi yangu:
"Mwalimu, mwamba huu umelaza watu bila godoro
tangu kabla ya shule yako."

Nikamweleza, maana sijui kunyamaza,
kwamba Wagiriki waliipa ndoto milango miwili.
Ya kweli hupitia mlango wa pembe, ya ng'ombe,
ya uongo hupitia mlango wa pembe, ya ndovu.
Akafikiri. Akapunguza utambi.
"Pembe na pembe," akasema. "Sasa aliyelala atajuaje?"

Miaka thelathini na moja sikuulizwa hilo.
Kwao yalikuwa maneno mawili yasiyojuana.
Kwetu ni pembe, na ni pembe,
na pembe nyingine ya nyumba
ndiko unakomweka mtu usiyetaka aonekane.

Baridi ya jiwe iliipenya ngozi, ikanipenya mimi.
Mwanamke mmoja aliongea usingizini, akitaja bei za omena.
Kuelekea alfajiri akaja Okumba, mdogo wangu,
mnene, ananukia sabuni,
amevaa koti langu la harusi na linamtosha.
Nilitaka kumuuliza habari ya jina.
Akatangulia:
"Redio yangu mlimpa nani?"
Kisha hakuwepo,
na sikuona amepitia mlango gani.

Mwaka wa tisini na sita tulimuuguza chumba cha nyuma,
pembeni, pazia limeshushwa.
Wageni tuliwaambia yuko Kericho, kwenye majani chai.
Ugonjwa hatukuutaja. Tulimzika kabla matanga hayajajaa watu,
na jina lake tukalichoma pamoja na shuka.

Nimerudi nyumbani saa tatu, magoti yamekauka.
Mtoto analia. Wamemaliza orodha:
la babu, analia. La babu wa babu, analia.
La mjomba aliyekwenda vitani Burma, analia zaidi.
Nikainama penye sikio dogo lenye harufu ya maziwa,
nikasema Okumba,
kwa sauti, mbele ya watu.

Perez, mke wangu, aliacha kupepeta mchele.
Mtoto akanyamaza.
Au Lensa alikuwa ameshampa titi,
sikuona vizuri, macho yalikuwa na maji.
Wakapiga vigelegele hadi kwa majirani.

Redio niliiuza mimi.
Hapo hapo Kibuye, kwa shilingi mia nne,
na betri zake mbili ndani.